Mbuzi Hawahesabiwi

Nimeletewa fomu. Ninyi vijana wa idara yangu ya zamani, mnaoanza utafiti wa michezo ya kufundishia, mlikuja nayo hapa nyumbani Kinoru mkitaka niijaze mpate cha kuchapisha kwenye jarida lenu. Ina visanduku vizuri: shule ngapi, watoto wangapi, makala ngapi, makongamano mangapi. Mlinikuta napalilia sukuma, mkaketi kwenye veranda, mkamaliza chai na nduma zote. Nilifurahi kuwaona, kwa kweli nilifurahi. Lakini fomu sijaijaza na sitaijaza. Nimewaandikia haya badala yake. Mkiona yanafaa yachapisheni, na mkiona hayafai mtayawashia jiko.

Najua ninavyosemwa pale idarani. Mimi ndiye Madam Karimi mkaidi, yule aliyeondoa ripoti yake mwenyewe. Ni kweli niliiondoa. Msije mkaambiwa kwamba nilichanganyikiwa, au kwamba niligombana na Profesa kwa ajili ya cheo. Niliiondoa nikiwa na akili zangu timamu, asubuhi, nikiwa nimeshiba uji, na leo ningeiondoa tena.

Lakini kabla ya ripoti kulikuwa na Mzee M'Ikiara, na bila yeye hamtanielewa.

Mzee M'Ikiara alikuwa seremala, karakana yake ikiwa nyuma ya uwanja wa Kinoru. Nilimwendea anitengenezee mbao za kiothi, ule mchezo wa vishimo na mbegu ambao wazee wa Meru wameucheza tangu hapo. Nilikuwa na shahada mbili na daftari jipya. Nikamweleza kwamba nataka kuutumia kuwafundisha watoto wa darasa la tatu kujumlisha na kutoa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama najua kuucheza. Nikamwambia nazijua sheria zake. Mzee alicheka hadi akaweka randa chini.

Hakukata hata ubao mmoja wiki ile. Kila nilipokwenda alinikalisha kwenye kigogo, akanipiga mchezo baada ya mchezo, akaendelea na kazi zake za watu. Mimi nilikuwa namkodolea macho usoni nikitaka kujua anapanga nini. Mwishowe alinihurumia.

"Wewe unaangalia uso yangu," akasema. "Uso ni ya kudanganya watu. Angalia mkono."

Hiyo ndiyo mbinu yote ya utafiti niliyofundishwa maishani, zile nyingine nilizisoma. Mkono wa anayecheza hufika kwenye jibu kabla ya mdomo wake. Mtoto anaweza kunyamaza kwa sababu anaogopa, au ana njaa, au Kiswahili chako hakijamwingia, lakini mkono wake utakwenda kwenye shimo lile lile analolitaka, urudi, uende tena. Uandike mkono. Hata kama hujui maana yake, uandike.

Na mengine madogo nitawapa hapa hapa maana hamtayapata kwenye vitabu vyenu. Keti chini sakafuni, usiketi kwenye kiti cha mwalimu, maana ukikalia kile kiti umekuwa mwalimu na mchezo umegeuka mtihani. Usimwulize mtoto kama ameelewa. Ataitikia, kila mtoto wa Kenya huitikia. Mwambie amfundishe mwenzake wewe ukitazama. Mtoto akiiba mbegu usimgombeze, kwa sababu mwenye kuiba vizuri ameshazielewa sheria kuliko wote. Na ukubali kushindwa. Mimi nimeshindwa na watoto katika shule nyingi za milima hii, na sikuwahi kuwaachia washinde kusudi.

Wazazi nao ni kazi nyingine. Kule Kangeta tulipoanza kuchezesha darasa zima kiothi, kikaitishwa kikao. Baba mmoja aliyekuwa ametoka sokoni moja kwa moja, mabaki ya majani ya migomba ya kufungia miraa yakiwa bado kwenye koti lake, akasimama akasema kwa heshima kubwa kwamba mtoto wake anacheza nyumbani bila kununuliwa sare, sasa yeye haelewi kwa nini avalishwe sare aende kucheza shuleni. Kikao kizima kilimpigia makofi. Nilisimama nikamwomba yule baba aje mbele acheze na binti yake. Alifungwa mara mbili. Alipoketi alisema basi, waendelee. Sikuwa na hoja nyingine zaidi ya hiyo, na mpaka leo sijapata iliyo bora.

Halafu vikaja vishikwambi, au tableti kama sote tunavyoviita. Sikuvichukia, nataka mlijue hilo, maana najua mnadhani mimi ni mama wa vishimo vya udongo. Nilivipenda. Nilipenda jinsi mtoto alivyoweza kukosea peke yake bila darasa kumcheka. Mradi ulikuwa wa Profesa wangu, aliyenisomesha na kuniajiri, na mimi nilikuwa msaidizi wake mkuu mashinani. Walioutengeneza mchezo wa humo ndani walikuwa mbali. Hatua yake ya kwanza ilimtaka mtoto ahesabu matunda fulani mekundu yanayodondoka kwenye kapu, matunda ambayo hata mimi nilikuwa sijawahi kuyala.

Mimi ndiye niliyesema yatolewe. Andikeni hilo, mliandike kwa jina langu. Nilisimama kwenye mkutano nikasema watoto wa huku hawayajui haya, tuwawekee kitu cha kwao, tuwawekee mbuzi. Mbuzi waingie zizini mmoja mmoja, mtoto amguse kila mbuzi kwa kidole na kutaja namba kwa sauti, kisha aguse jumla. Profesa alifurahi. Wachoraji walichora mbuzi wazuri sana, mwenye mabaka, mweusi, mwenye ndevu. Nilivimba kichwa. Nikasema hatimaye utafiti wa elimu umevaa nguo za hapa.

Tuliujaribu kwanza katika shule moja ya hapa mjini, karibu na kwangu, kwa sababu ilikuwa rahisi. Watoto wa mjini walihesabu mbuzi wale kwa kelele mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kulalamika. Tukasema uko tayari. Tukaupeleka Mbeere, katika shule ya msingi upande wa Gachoka, kwa Bi Ciarunji.

Bi Ciarunji alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, mama mfupi, mshiriki mkubwa wa kanisa, mwenye sauti ya chini ambayo darasa zima liliisikia. Alitupokea vizuri. Tulimshukuru, tukamtoa nje, kwa sababu kanuni yetu ilisema mwalimu wa darasa asiwepo watoto wanapopimwa, asije akawasaidia kwa macho. Akaketi kwenye ngazi za ofisi akisahihisha vitabu vyake, nasi tukafunga mlango.

Watoto walikishika kishikwambi bila woga. Mbuzi wa kwanza akaingia zizini. Kimya. Mbuzi wa pili, kimya. Nilirudia maelezo kwa Kiswahili, msaidizi akayarudia kwa Kimbeere. Mtoto mmoja msichana, jina lake Wawira, alinyoosha kidole kuelekea yule mbuzi mwenye mabaka, akakirudisha, akagusa lango la zizi. Mchezo haukuwa umewekewa lango kama jibu. Ukasubiri, ukasubiri, kisha ukaandika kwamba hajui. Na kwa kuwa hiyo ilikuwa hatua ya kwanza, na asiyeipita hafunguliwi ya pili, ukaandika hajui hadi mwisho. Baada ya Wawira aliingia mwingine, na mwingine. Si darasa zima. Walikuwa wale wa nyumba za kule bondeni, wenye mifugo.

Kwenye daftari langu, pembeni, niliandika: kidole chaenda kwenye lango. Niliandika mkono kama nilivyofundishwa. Kisha nikafunga daftari, nikarudi Meru, nikaandika ripoti inayosema watoto wale hawawezi kuhesabu hata vitu vichache vilivyo mbele ya macho yao, na kwamba inafaa wachunguzwe. Nikatia sahihi. Profesa akaipeleka ofisi ya elimu, maana mradi ulikuwa umeahidi kuisaidia ofisi kuwatambua watoto wenye shida mapema.

Ofisi haikuchunguza. Kwa nini ichunguze wakati chuo kimesema? Ikaandika barua kwamba muhula ukifunguliwa watoto wale wahamishiwe kitengo cha wenye mahitaji maalum katika shule nyingine, mwendo mrefu kutoka kwao. Kitengo kile si kibaya kwa mtoto anayekihitaji, nimewaona walimu wa pale wakifanya makubwa. Ila kwa mtoto asiye na shida, kupelekwa kule ni kuambiwa na serikali, kwa karatasi yenye muhuri, kwamba kichwa chako ni kizito. Na wazazi wake wataamini, na yeye ataamini. Ilikuwa bado wiki chache muhula uishe.

Sikuyajua hayo. Nilikuwa nimerudi Gachoka kuwapa matokeo, kwa sababu nilikuwa na desturi ya kurudisha matokeo shuleni kabla ya kuyapeleka kokote, na safari hiyo nilikuwa nimeivunja, nikarudi nikiwa nimechelewa. Bi Ciarunji alinionyesha barua. Hakupandisha sauti. Akaniomba nimfuate nyuma ya darasa, ilikuwa saa ya mapumziko.

Walikuwa chini, wamechimba vishimo vyao kwenye udongo mwekundu, wanacheza kiothi kwa mbegu ngumu za porini. Wale wale. Wawira alikuwa anacheza na mwenzake aitwaye Njeru, mvulana mrefu mwenye kigugumizi kidogo, na mikono yao ilikwenda upesi kuliko macho yangu. Njeru alikuwa akichota mbegu kiganjani na kabla ya kuzigawa alikuwa ameshajua ya mwisho itaangukia wapi. Hiyo, wenzangu, si kuhesabu tu. Hiyo ni kujumlisha, kutoa na kutabiri kwa wakati mmoja, na wengine wenu mngehitaji kikokotoo. Niliomba nicheze na Wawira. Aliponifunga nilibaki nimechuchumaa pale pale, nikamwuliza kwa nini hakuwahesabu wale mbuzi.

"Mbuzi hazihesabiwi, Madam," akasema. "Ukizihesabu, zinaisha."

Nikamwambia wale ni wa tableti, si wa mtu.

"Si ni mbuzi tu?"

"Sasa ukizirudisha nyumbani jioni, utajuaje kama kuna moja imepotea?" nikamwuliza.

Alinitazama vile mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyeuliza swali la kitoto.

"Nasimama kwa lango. Naangalia ni nani hayuko."

Jamani. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Si kwa sababu nilikuwa nimejifunza jambo jipya kuhusu watu wa Mbeere. Ni kwa sababu nilikuwa nalijua. Nyanya yangu mzaa baba, kule juu ya Kangeta, hakuwahi hata siku moja kukubali tuhesabiwe. Mgeni akimwuliza ana wajukuu wangapi, alianza kutaja majina, mmoja baada ya mwingine, mpaka mgeni achoke. Ukinyoosha kidole kuhesabu watu, au ng'ombe, au mbuzi, alikupiga kibao cha mkono. Nilikua na vibao hivyo. Kisha nikasoma, nikahamia mjini, baba yangu mzee wa kanisa akatuambia ni ushirikina, nikakiweka kitu hicho pale tunapoweka vitu vya nyanya zetu, na siku nilipotaka kuuvalisha utafiti nguo za hapa, nikachagua mbuzi. Ningechagua maharagwe, watoto wale wangepita hatua zote. Mgeni asingelaumiwa kwa kosa hilo. Mimi nililifanya nikiwa mwenyeji.

Nilimwuliza Bi Ciarunji kwa nini hakuniambia.

"Mlinitoa nje," akasema. "Na hata ningekuwa ndani, Madam, ningeanzia wapi? Niambie mtu wa chuo eti watoto wangu wanaogopa kuhesabu mbuzi? Mngeandika sisi bado tuko gizani. Mimi ni mama wa kanisa."

Hapo niliwahi kujitetea kwamba nisingeandika hivyo. Lakini ningeandika. Tangu siku hiyo sikumtoa mwalimu nje ya darasa lake tena, kanuni iseme itakavyo, na nikiwasikia ninyi mnasema mwalimu anachafua data nawaona kama watu wanaofagia mbegu kutoka shambani ili shamba liwe safi.

Basi nikarudi Meru, nikaenda kwa Profesa. Msimpe picha ya mtu mbaya, hakuwa mbaya. Alikuwa mpole, na upole wake ndio uliokuwa mgumu kupambana nao. Alinikaribisha, akanimiminia maji, akanisikiliza. Alicheka vizuri nilipofika kwa Wawira. Akasema ni jambo la kuvutia sana na linastahili tanbihi. Makala yalikuwa yameshakubaliwa kwa kongamano, tiketi zake zilikuwa zimekatwa, mradi ulikuwa unaombewa awamu ya pili. Watoto wenyewe ni wachache, akasema, hawabadilishi hitimisho. Tuweke tanbihi.

Nikamwambia kuna barua, watoto wanahamishwa.

"Hilo ni la ofisi ya elimu, Karimi. Sisi tulipendekeza tu."

"Wanahamishwa kwa ripoti yangu," nikasema. "Tanbihi haitawabakisha."

Alivua miwani yake akaifuta. Akaniambia, kwa sauti ile ile ya upole, kwamba nikiiondoa ripoti nitakuwa nimejiondoa mwenyewe, na kwamba yeye hataweza kunisaidia. Alisema kweli. Sikumwona kama anayenitisha, alikuwa ananieleza njia inakokwenda. Nami niliijua, nikaipita. Kesho yake asubuhi, baada ya ule uji, niliandika barua mbili, moja ya mradi na moja ya ofisi ya elimu. Nikasema kipimo kilikuwa na kosa, kosa ni langu, ripoti yenye sahihi yangu isitumike tena kwa lolote. Barua ya ofisi niliipeleka kwa mkono wangu mwenyewe, nikasubiri hadi ikapigwa muhuri wa kupokelewa.

Afisa aliyehusika hakuamini. Akasema chuo kimeandika hivi, chuo kimeandika vile, yeye amsadiki nani? Akasema ataamini akiona. Nikamwambia aje aone.

Alikuja siku wazazi wa watoto wale walipoitwa shuleni, amevaa suti, na faili kwapani. Wazazi walikuwepo, na nyanya ya Wawira, amejifunga leso, hakumsalimu mtu wa ofisi wala mimi. Nilikuwa nimebeba mbao safi za Mzee M'Ikiara, zilizopigwa msasa zikang'aa. Wawira akazitazama, akasema chini ni afadhali. Tukachimba. Afisa alikaa kwenye kiti chake akiangalia mchezo wa kwanza, na nilimwona mkono. Vidole vyake vilikuwa vinachezacheza kwenye faili. Huyu mtu alikulia kwao akicheza kiothi, hakuna aliyenieleza, mkono ulinieleza. Nikamwuliza kama angependa kujaribu.

Alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya faili. Wawira alimfunga. Akaomba marudio. Akafungwa na Marigu, mdogo kuliko wote. Wazazi hapo walikuwa wameanza kucheka wazi, na afisa mwenyewe alikuwa akicheka huku akijikuna kichwa. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia na ambalo ningelifanya mimi tangu mwanzo kama ningekuwa na akili. Aliwaita mmoja mmoja, akawawekea mbegu kiganjani, wakafumba, akawauliza ni ngapi. Walijibu kabla hawajafumbua. Akaongeza, akapunguza, wakajibu.

Akasimama akajipangusa vumbi magotini.

"Hawa hawaendi mahali," akasema. "Watabaki hapa kwa mwalimu wao."

Bi Ciarunji aligeuka akatazama ukuta. Ndipo nyanya ya Wawira aliponipa mkono.

Najua mngependa niishie hapo, pazuri. Lakini wakati afisa anawaita wale watoto, alisoma majina kutoka kwenye ile barua, na alipofika kwa Njeru hakuna aliyejibu. Akasoma tena. Bi Ciarunji akasema kwa sauti yake ya chini kwamba baba yake Njeru hakusubiri muhula ufunguliwe. Barua ilipomfikia nyumbani alisema kama mtoto hana kichwa cha shule, basi asiaibishe nyumba, na akampeleka kwa mjomba wake kule chini kuelekea Tana, kuchunga. Nilimfuata. Nilikwenda na Bi Ciarunji mara ya kwanza, na peke yangu mara ya pili. Mjomba alikuwa amehama na mifugo, kila boma lilituelekeza kwenye boma lingine, na hatukumpata. Baba yake alinipa chai na hakuniangalia.

Mimi nilikuwa nimeona mkono wa Njeru. Mkono ule ulijua ya mwisho itaangukia wapi.

Baada ya hapo yalitokea yale mliyoyasikia. Makala yalisomwa bila Gachoka na bila jina langu. Faili langu la kupandishwa cheo lilipelekwa, likarudi, likapelekwa, likarudi, kila mara likiwa na sababu nzuri iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri. Nimestaafu nikiwa mhadhiri, cheo kile kile nilichokuwa nacho wakati wengine wenu mnanyonya. Kwenye sherehe ya kuniaga, mwenzetu mmoja alisema kwa huruma kwamba ningeweza kufika mbali. Nilifika mbali. Nilifika mpaka nyuma ya darasa la tatu kule Gachoka, na ninyi wengi hamjafika. Msinihurumie mbele yangu, mtanipandisha shinikizo la damu.

Na sasa kisanduku cha mwisho cha fomu yenu, kile mlichokiandika kwa herufi ndogo mkifikiri mama mzee hasomi herufi ndogo. Mnaomba ruhusa yangu kutumia data ya zamani ya vishikwambi, pamoja na ile ya Gachoka ambayo inaonekana haikufutwa popote, ili muifundishie programu mpya itakayowapima watoto yenyewe. Mmoja wenu, na ni kijana mzuri, alinionyesha kwenye simu. Mbuzi wamechorwa upya. Siku hizi hata wanalia.

Jibu ni hapana. Mle ndani Wawira bado ameandikwa hajui. Marigu hajui. Nikitia sahihi, mtakuwa mmeifundisha mashine kwamba mtoto akinyamaza ni mjinga, nayo haitarudi Gachoka kuomba kufungwa kiothi. Mtasema data moja haiharibu. Niliambiwa hivyo hivyo, kwa upole, na mtu aliyenisomesha. Mkitaka data, nendeni mkaketi chini. Chimbeni vishimo. Mwacheni mwalimu ndani. Nitawapa mbao za Mzee M'Ikiara, ziko kabatini, na daftari langu lenye ule mstari wa pembeni. Sahihi yangu sitawapa.

Kimebaki kisanduku cha pili, cha watoto wangapi. Mmeona kwamba tangu nianze kuandika sijawatajia idadi ya wale wa Gachoka. Ilikuwamo kwenye ripoti, nami ripoti niliiondoa. Nikitaka kuwakumbuka huwa nafanya kama nyanya yangu, nasimama langoni. Anapita Wawira, ambaye amemaliza sekondari na hunipigia simu kunitania. Anapita Marigu. Anapita Igoki. Muturi na dada yake Ciambaka. Nyaga. Wanja wa mtoni na Wanja mwingine. Gicuku, Mbogo, Runji, Weveti.

Njeru hayuko.